Admirali aliyerudi kwao akiwa maiti

Kila Idd inapokaribia mimi hukumbuka kanzu. Marehemu baba yangu, Allah amrehemu, alikuwa baharia katika meli za mizigo za kigeni, na katika utoto wangu wote nadhani Idd alizoswali pamoja nasi hazizidi tatu. Lakini hakutusahau. Kabla Ramadhani haijaisha angetokea mtu wa bandarini amebeba kifurushi, na ndani yake mlikuwa na vitambaa vya mama, viatu vya dada zangu na kanzu yangu mpya. Kanzu ilikuwa nzuri na yenye kung'aa, ila kila mwaka ilikuwa fupi. Baba alikuwa akininunulia kwa kimo alichoniacha nacho, ilhali mimi nilikuwa nimekua. Usiku wa kuamkia Idd mama alikaa na sindano akifumua pindo ili kanzu ya mume wake ifike walau kwenye vifundo vya miguu ya mwanawe.

Jambo hilo lilinijia tena niliposoma maisha ya Mwingereza mmoja aliyefariki zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Jina lake ni Cuthbert Collingwood, admirali wa jeshi la majini la Uingereza. Barua zake nyingi, zikiwemo alizomwandikia mkewe na binti zake, zilichapishwa mwaka 1828 na mkwewe, mume wa binti yake. Nilianza kuzisoma nikitafuta habari za vita. Nilipomaliza, nilikuwa nikifikiria nyumba moja yenye bustani, mama mmoja na wasichana wawili wanaosubiri.

Huenda msomaji akauliza, mwalimu wa maarifa ya Uislamu ana shughuli gani na admirali wa Kiingereza? Kwanza, neno admirali lenyewe Wazungu walilichukua kwetu. Asili yake ni amiri, neno la Kiarabu, likapita katika lugha za Bahari ya Kati hadi London. Pili, na hili ndilo kubwa, ndoa ni ndoa na upweke ni upweke. Mwanamke anayesubiri mumewe sikukuu baada ya sikukuu hana taifa. Hivyo basi, naomba msomaji anivumilie nimweleze mtu huyu, kisha tuangalie maisha yake yanatufundisha nini.

Collingwood alizaliwa mwaka 1748 katika mji wa Newcastle, kaskazini mashariki mwa Uingereza, mji wa mto, bandari na makaa ya mawe. Baba yake alikuwa mfanyabiashara asiye na utajiri. Mwaka 1761, akiwa na umri wa miaka 12 tu, kijana huyu aliingizwa katika manowari ya nahodha aliyekuwa jamaa yao. Huo ndio uliokuwa utaratibu wa zama zile. Mtoto wa umri wa darasa la sita leo alikabidhiwa kwa bahari, na bahari ikawa shule yake. Kuanzia hapo alitumikia karibu miaka 50, na wanahistoria wanahesabu kuwa takriban miaka 44 kati ya hiyo alikuwa kazini, mingi ikiwa mbali na nchi yake.

Katika vita vya Waamerika vya kudai uhuru alikuwepo Boston mwaka 1775, akisimamia mashua zilizopeleka askari na mahitaji kwenye mapigano ya Bunker Hill, na hapo ndipo alipopata uluteni. Baadaye alipelekwa visiwa vya Karibi, na huko urafiki wake na afisa mmoja mdogo kwake kwa miaka kumi, Horatio Nelson, ukakomaa. Nelson alikuwa mwepesi wa kupanda vyeo, na mara kadhaa alipohamishwa kutoka meli moja, Collingwood ndiye aliyeshika nafasi aliyoiacha. Walikuwa watu wa tabia tofauti kabisa. Nelson alipenda kuonekana na kusifiwa. Collingwood alikuwa mkimya, mkali kwa maafisa wazembe, na mtu asiyependa kuwachapa mabaharia mijeledi wakati ambapo mijeledi ilikuwa ni jambo la kawaida katika jeshi lile.

Tarehe 16 Juni 1791, akiwa na umri wa miaka 42, alimuoa Sarah Blackett, binti wa mtu mashuhuri wa Newcastle aliyewahi kuwa meya wa mji huo. Wakaweka makazi katika mji mdogo wa Morpeth, kwenye nyumba yenye bustani inayoteremka kuelekea mto Wansbeck. Mwaka 1792 akazaliwa binti wa kwanza, akapewa jina la mama yake, Sarah. Mwaka 1793 akazaliwa wa pili, Mary Patience. Mtu aliyekuwa akilala katika kitanda cha kuning'inia tangu utotoni alikuwa sasa na nyumba, mke, bustani ya mboga na mtoto wa kupakata.

Furaha hiyo haikutimiza miaka miwili. Mwezi Februari 1793 Ufaransa na Uingereza ziliingia vitani, Collingwood akaitwa, na vita hivyo, ukiacha pumziko moja fupi, viliendelea hadi 1815. Yeye hakuuona mwisho wake. Tangu siku alipoitwa mwaka 1793 mpaka siku aliyokufa, muda aliokaa nyumbani kwake ukijumlishwa wote haukuzidi sana mwaka mmoja.

Vitani alifanya kazi iliyotukuka. Tarehe 1 Juni 1794 alikuwemo katika mapigano makubwa dhidi ya Wafaransa kwenye bahari ya Atlantiki, lakini jina lake likaachwa katika orodha ya waliopewa nishani. Tarehe 14 Februari 1797, kwenye rasi ya Mtakatifu Vincent nchini Ureno, meli yake iliyoitwa Excellent ilipigana na manowari za Kihispania kubwa kuliko yenyewe na kumuokoa Nelson katika wakati mgumu. Safari hii wakubwa walitaka kumpa nishani. Akakataa kuipokea mpaka apewe kwanza ile aliyonyimwa mwaka 1794. Akapewa zote mbili. Nimelitaja hili makusudi, kwa sababu linaonesha kuwa hakuwa mtu wa kuogopa kudai haki yake. Msomaji aliweke akilini, tutalirudia.

Mwanzoni mwa mwaka 1799 alipata kipindi kifupi cha kuwa kwake, akapandishwa cheo kuwa admirali wa ngazi ya chini, kisha akarudi baharini. Kazi yake ilikuwa kuizingira bandari ya Brest, upande wa magharibi wa Ufaransa, ili manowari za Wafaransa zisitoke.

Hebu tueleze kidogo kazi hiyo, maana bila kuielewa hatutaelewa kwa nini mtu anakosa likizo miaka saba. Meli za wakati ule ziliendeshwa kwa matanga na upepo. Wafaransa walikuwa na manowari zao ndani ya bandari, na siku yoyote upepo ukigeuka zingeweza kuponyoka na kwenda kuunga mkono uvamizi wa Uingereza. Njia ya kuzizuia ilikuwa moja. Kundi la manowari za Kiingereza likae nje ya bandari, kiangazi na masika, likiyumba katika mawimbi, bila kutia nanga, likichungulia. Nyama ya chumvi na biskuti ngumu ndivyo vilivyokuwa chakula, na vikiisha vililetwa na meli nyingine. Barua zilichukua wiki nyingi, na nyingine zilipotea. Kuna wakati Collingwood alikaa baharini miezi 22 mfululizo bila nanga yake kugusa chini. Msomaji ambaye amewahi kusafiri kwa jahazi au boti kwenda Unguja siku ya kusi kali atapiga hesabu mwenyewe.

Sasa nije kwenye tukio ambalo nililisoma mara mbili. Mwezi Januari 1801, katikati ya baridi kali ya Ulaya, mkewe aliamua kumfuata. Mume alikuwa amefika Plymouth, bandari ya kusini magharibi. Bi Sarah akamchukua binti mkubwa, ambaye hajatimiza miaka tisa, wakapanda gari la farasi kutoka kaskazini kabisa, safari ya zaidi ya kilomita 600 katika barabara za tope na barafu. Collingwood alikuwa akihesabu siku. Siku ile aliyotarajia wafike, mchana, ikaja amri ya haraka kwamba aondoke na manowari zote zilizo tayari. Kesi moja ya kijeshi aliyokuwa akiisikiliza ikamchelewesha mpaka karibu na usiku, naye akapanga asubiri nchi kavu hadi saa mbili usiku, pengine watatokea.

Jioni hiyo alikwenda kula chakula na rafiki yake Nelson. Wakiwa mezani akaletewa habari kuwa mkewe amefika. Akaacha chakula, akakimbia hadi kwenye nyumba ya wageni, akawakuta wazima wote wawili. Walikuwa pamoja usiku ule mmoja. Alfajiri akaagana nao, akaenda baharini. Baadaye alimwandikia baba mkwe wake kwamba katika maisha ya mwanadamu hakuna furaha inayozidi ile aliyoipata jioni ile, na kwamba kule kuachana asubuhi kulikaribia kuuvunja moyo wake. Mke amesafiri siku chungu nzima katika baridi, na hakupata hata muda wa kumsimulia mumewe yaliyomkuta njiani.

Mwaka 1802 ukaja mkataba wa amani wa Amiens. Mwezi Mei mwaka huo Collingwood akarejea Morpeth, akavua sare, akawa baba. Aliwafundisha binti zake, akalima bustani, akatembea mashambani na mbwa wake aitwaye Bounce. Inasimuliwa kwamba katika matembezi hayo alikuwa na mbegu za mti wa mwaloni mfukoni, na kila alipoona mahali pazuri aliifukia moja ardhini. Mwaloni ndio mti uliojengea manowari, na alikuwa na wasiwasi kuwa taifa lake litakosa mbao. Mti huo huchukua karibu miaka mia moja kukomaa. Ilipofika 1860 Waingereza walikuwa tayari wanateremsha majini manowari ya chuma. Miti ile ya Admirali ilikuwa bado haijakomaa.

Krismasi ya mwaka 1802, sikukuu yao kubwa, aliisherehekea pamoja na mkewe na binti zake. Ilikuwa ya mwisho. Mwezi Mei 1803 vita vilianza upya, naye akaitwa, akiwaacha mabinti wa umri wa miaka kumi hivi. Krismasi ya 1803 alikuwa baharini. Ya 1804 vilevile. Na ya 1805, 1806, 1807, 1808 na 1809. Sikukuu saba.

Tarehe 21 Oktoba 1805 ndiyo iliyompa jina duniani. Karibu na rasi ya Trafalgar, kusini mwa Hispania, manowari 27 za Waingereza zilikutana na 33 za Ufaransa na Hispania. Nelson aliongoza safu moja, Collingwood akaongoza ya pili. Meli yake, Royal Sovereign, ilikuwa imetoka kuvikwa shaba mpya chini, ikawa nyepesi kuliko nyingine, ikatangulia na kuingia katikati ya adui peke yake kabla wenzake hawajafika. Nelson akapigwa risasi na kufa siku ile ile, na Collingwood akashika uongozi wote. Baada ya mapigano ikaja dhoruba ya siku kadhaa, na meli nyingi zilizotekwa zikazama au zikateketezwa.

Ushindi ulikuwa mkubwa. Mfalme akamfanya Lodi. Bunge likampa pensheni ya pauni 2,000 kwa mwaka, na likapanga mafungu kwa ajili ya mkewe na binti zake atakapofariki. Nelson akarudishwa kwao na kuzikwa kwa heshima ya kifalme. Na Collingwood? Hakurudi kupokea hata pongezi. Akakabidhiwa kundi lote la manowari katika Bahari ya Kati. Mkewe akawa Bibi wa Lodi mjini, watu wakimsalimia kwa cheo kipya, na aliyempa cheo hicho hayupo. Jeraha la mguu alilolipata siku ya Trafalgar alimtajia mkewe baadaye tu, kama mtu anayezungumzia jambo dogo.

Tarehe 16 Juni 1806, wakitimiza miaka 15 ya ndoa, aliandika akiwa katika meli yake. Alimkumbusha mkewe siku hiyo ni siku gani, akamweleza kwamba amani ikija anataka amalizie umri wake na familia yake, kwani hakuna furaha nyingine anayoijali. Ukihesabu miaka hiyo 15, ile waliyoishi chini ya paa moja haifiki mitatu na nusu.

Aliendelea kulea kwa kalamu. Alitaka binti zake wasome vitabu vizito, wajifunze hesabu na jiometria, waandike vizuri, wasipoteze muda katika mambo ya kujionesha. Ushauri ulikuwa mzuri, na nyumba nyingi za leo zingefaidika nao. Lakini ukisoma barua zile kwa mpangilio unaona kitu. Baba anawaandikia watoto aliowaacha mwaka 1803, ilhali wanaosoma ni wasichana wakubwa wanaokaribia kuolewa. Hapo ndipo nilipoikumbuka kanzu yangu fupi.

Nisiwafiche wasomaji kwamba mtu huyu hakuwa rafiki wa Waislamu. Mwaka 1807, serikali yake ilipogombana na dola ya Uthmaniya, ni manowari za kundi lake zilizopenya mlangobahari wa Dardanelles kwenda kuitisha Istanbul, zikarudi zikiwa zimepigwa mizinga na kupoteza watu. Mwaka huo huo Waingereza waliteka Iskandaria, lakini wakashindwa mara mbili huko Rashid na vitongoji vyake, wakalazimika kuondoka Misri. Alishughulika pia na watawala wa Morocco na Algiers, kwa sababu maji yote yale yalikuwa chini ya macho yake. Alikuwa mtumishi wa dola iliyokuwa inapanuka, na dola hiyo baadaye ilifika mpaka kwetu. Simsimulii ili tumtukuze. Namsimulia kwa sababu dola hiyo hiyo aliyoitumikia ndiyo iliyomla.

Maana mwaka 1808 mwili ulianza kukataa. Alikuwa na maumivu ya tumbo yasiyopoa, amedhoofika, na siku nzima yuko mezani akiandika barua za kiserikali. Akaomba apumzishwe. Serikali ikamjibu kwa heshima kubwa na maneno matamu kwamba bado anahitajika na kwamba kumpata wa kushika nafasi yake ni vigumu. Naye akakubali kuendelea. Yule mtu aliyekataa nishani mpaka apewe haki yake, safari hii hakusimama kidete. Kwa ajili ya nishani alisema hapana, lakini kwa ajili ya nyumba yake hakusema.

Mwezi Agosti 1809 Bounce, yule mbwa aliyesafiri naye miaka mingi, alianguka baharini usiku na kupotea. Sisi tuna fikra zetu kuhusu mbwa ndani ya makazi, lakini mzee yule alimlilia, kwani alikuwa mwenzake wa matembezi ya Morpeth.

Mwanzoni mwa 1810 hakuweza tena kusimama vizuri. Madaktari wakasema asipoondoka atakufa. Tarehe 3 Machi akakabidhi uongozi huko Minorca, akapandishwa katika manowari Ville de Paris irudi naye Uingereza. Upepo ukakataa kwa siku mbili. Tarehe 6 Machi meli ikatoka. Alipoambiwa kuwa sasa wako kwenye bahari wazi, inasimuliwa kwamba alipata nguvu kidogo na kuzungumzia uwezekano wa kukutana na Wafaransa kwa mara nyingine. Kesho yake, tarehe 7 Machi 1810, akafariki. Alikuwa amesafiri kuelekea nyumbani kwa siku moja.

Maiti yake ilifika London na kuzikwa katika kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, jirani na Nelson. Hakuwa na mtoto wa kiume, na kwa sheria yao ulodi ule ukafia hapo hapo. Bi Sarah aliishi mpaka 1819. Mwaka 1845 huko Tynemouth, kwenye mlango wa mto wa Newcastle, ilisimamishwa sanamu yake kubwa inayotazama bahari, na chini yake mizinga minne ya Royal Sovereign. Hata sanamu imegeuziwa baharini.

Sasa, ndugu msomaji, tufanye nini na habari hii?

Sitaki kusema kwamba alikosea kwenda vitani. Nchi yake ilikuwa katika hatari ya kuvamiwa, na kazi ile ilihitaji watu. Wala sisemi kwamba hakumpenda mkewe. Barua zake zinaonesha mapenzi ambayo waume wengi wanaolala nyumbani kila usiku hawana. Ninachosema ni kwamba mapenzi ya mbali yana kikomo. Barua ikitumwa leo huwa imeandikiwa mtu wa jana. Fedha, cheo na zawadi vyote vilimfikia Bi Sarah, ila aliyevituma hakufika.

Na hapa ndipo historia yetu ina neno la kusema. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar ibn al-Khattab (r.a.), akizunguka usiku Madina kuangalia hali za raia, alimsikia mwanamke ndani ya nyumba yake akilalamika upweke kwa sababu mumewe yuko vitani. Umar hakumkemea. Hakumwambia kwamba dola ina mambo makubwa kuliko yake. Alimwendea binti yake Hafsa (r.a.) akamuuliza mwanamke anaweza kuvumilia muda gani bila mumewe. Riwaya zinatofautiana, nyingine zikitaja miezi minne na nyingine sita. Umar akaagiza askari wasizuiliwe mbali na wake zao kupita muda huo. Kumbuka kwamba huyu ni kiongozi aliyekuwa akipambana na dola mbili kubwa za zama zake kwa wakati mmoja. Kama kuna mtu aliyekuwa na kisingizio cha kusema askari hawatoshi, ni yeye.

Tofauti iko wazi. London ilimuuliza Collingwood kama yeye bado anaweza kuendelea. Umar aliuliza kama mwanamke bado anaweza kuvumilia. Suala moja, lakini limeelekezwa kwa watu wawili tofauti, na majibu yake yanazaa sheria mbili tofauti.

Leo miongoni mwetu wapo madereva wa masafa marefu, mabaharia, walinzi, walimu waliopangiwa mikoa ya mbali, na kaka na dada zetu waliokwenda Ughaibuni kutafuta riziki. Wengi hawakwenda kwa kupenda. Ada za shule na kodi ya nyumba ndizo zilizowasukuma. Siwalaumu. Baba yangu alikuwa mmoja wao, na kanzu zile ndizo zilizonisomesha. Lakini nina mambo mawili ya kuwaomba.

La kwanza, anayeondoka na akae na mwenzake kabla ya kusaini, wakubaliane muda, na muda huo audai kwa mwajiri kwa ukali ule ule anaodai mshahara wake. Mwajiri atakusifu kuwa huna mbadala, na pengine anasema kweli. Lakini siku ukifariki atapata mbadala kabla ya arobaini yako. Alipokufa Collingwood, manowari zake zilikwisha kupata kiongozi siku nne kabla. Waliobaki bila mbadala walikuwa watu watatu wa Morpeth.

La pili, sisi tuliobaki, na hasa tulio waajiri, wenye makampuni, shule na taasisi, zikiwemo za Kiislamu, tuache kuhesabu uvumilivu wa mke wa mfanyakazi kama mali yetu ya bure. Ukimnyima mtu likizo ya Idd mwaka wa tatu mfululizo, kuna nyumba ambayo umeitoza kodi bila kuiuliza.

Baba alistaafu nikiwa sekondari. Alirudi na masanduku mawili na tabia ya kuamka usiku kuangalia saa za zamu. Alikuwa mtu mwema, lakini kwa miezi mingi hatukuwa tunajua la kuzungumza. Idd ya kwanza baada ya kurudi kwake alinichukua hadi kwa fundi, akasimama pembeni wakati fundi ananipima, akawa anautazama utepe wa kupimia. Fundi alipotaja urefu wangu, baba akamuomba apime tena.

Allah atujaalie sikukuu tutakazokuwa na watu wetu, na awarudishe salama walio mbali. Wabillahi tawfiq.